Ukweli Mbele ya Jopo: Nasaha kwa Wanaoitwa Mahojiano ya Udaktari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Maneno haya niliyasema kwanza kwenye darsa ya baada ya Maghribi, usiku ule umeme ulipokatika tukabaki na tochi za simu. Ndugu wa kamati ya habari wakaniomba niyaandike kwa ajili ya jarida letu. Nimeyaandika, na nimeongeza jambo moja ambalo usiku ule sikuwa na ujasiri wa kulisema mbele yenu.

Msimu huu wadogo zetu wengi wanatuma maombi ya kusoma udaktari. Wengi wao hawataonana na mtu yeyote uso kwa uso. Uganda huhesabiwa pointi za UACE. Kenya wanapangwa na KUCCPS kwa alama za KCSE. Ukifika umefika, usipofika basi. Lakini vipo vyuo vinavyomwita mwombaji aketi mbele ya jopo, na zipo kamati za ufadhili zinazofanya hivyo hivyo. Hapo alama zako zimekwisha kusomwa, sasa unasomwa wewe. Na swali la kwanza karibu kila mahali ni lile lile: kwa nini unataka kuwa daktari?

Ndugu zangu, swali hilo linawafanya Waislamu wazuri, wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wafungue vinywa vyao na kusema uongo. Najua ninachosema.

Tufungue Surat Yusuf. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya uzuri wa Yusuf (a.s.), na subira yake, na ndoto zake. Leo nataka tusimame kwenye zile aya za mwanzo, kuanzia ya 16 hadi ya 18. Ndugu zake wanarudi kwa baba yao usiku, wanalia. Wanamwambia walikwenda kushindana mbio, wakamwacha Yusuf penye vitu vyao, mbwa mwitu akamla. Na wamekuja na ushahidi, kanzu yake yenye damu, na Qur'ani inatuambia damu ile ilikuwa ya uongo.

Tazameni jinsi walivyojipanga. Wamechagua usiku, wakati ambao uso hauonekani vizuri. Wametanguliza machozi. Wameleta kitu cha kushika mkononi. Hata kisa chenyewe hawakukitoa mbali, kwa sababu ni baba yao aliyekuwa amesema kwamba anamhofia mbwa mwitu; walichukua hofu ya msikilizaji wakamrudishia kama habari. Mwenye kufundisha watu mbinu za mahojiano angewapa alama za juu. Kitu kimoja tu walikisahau, na wanazuoni wa tafsiri wamekitaja tangu zamani. Kanzu haikuwa imechanika. Mbwa mwitu gani huyo anayemla mtoto na kumwachia kanzu nzima? Nabii Yaqub (a.s.) hakubishana nao sana. Alijua nafsi zao zimewapambia jambo, akashika subira njema na kumtaka Allah msaada.

Na Yusuf wakati huo yu hai kisimani. Wamemlilia mtu aliye hai.

Sasa nije kwenye lile jambo nililoliongeza. Kabla ya kuandika nilimwuliza ustadhi wangu kama inajuzu, maana mnaijua hadithi kuhusu mtu ambaye Allah amemsitiri usiku naye akapambazuka akijianika mwenyewe. Ustadhi aliniuliza: unajisifu kwalo au unajuta? Je, lina haki ya mtu mwingine ndani yake, na huyo mtu umemwomba radhi? Nilipomjibu, akasema: basi andika, na usilipambe.

Mimi ni mtu wa Molo, wilaya ya Tororo, upande huu wa mpaka ambako ukipanda bodaboda asubuhi unaweza kunywa chai Malaba na ukarudi kabla ya Adhuhuri. Kwa wasiojua, neno hilo bodaboda lilizaliwa kwetu, kwa wale wenye baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani Busia na Malaba. Kidato cha sita nilisoma fizikia, kemia na baiolojia, na pembeni nikamaliza thanawi ya madrasa. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye udaktari. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kikaniita kwenye mahojiano.

Rafiki yangu aliyetangulia kuitwa akanipa siri. Akasema jopo limechoka kusikia "napenda kusaidia watu." Wape msiba, akaniambia. Mtu wa karibu, kijijini, hakuna gari, hakuna dawa, wewe mdogo unashika mkono wake. Nikatunga. Nikamchukua nyanya yangu, mama yake baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, nikampa malaria kali mwaka 2017, nikampakia juu ya bodaboda usiku kuelekea hospitali ya Tororo, na nikamfisha njiani. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka sauti ikawa inakatika mahali panapofaa.

Nyanya yangu wakati huo alikuwa Molo, anapalilia karanga.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Nilisimulia, na nikaona mmoja ameinamisha kichwa. Mwingine alikuwa mama wa makamo, daktari, mpole. Akaniuliza kama mtu anayetaka kujua tu: mwaka huo si nyumba za Tororo zilikuwa zinanyunyiziwa dawa ya mbu, na malaria ilikuwa imeshuka sana? Nikasema ndiyo, lakini ilikuwa malaria. Akauliza nani aliyempima. Nikasema kipimo kilionyesha. Akauliza kipimo hicho kilifanyika wapi, ikiwa alifariki kabla ya kufika hospitali?

Kanzu haikuchanika, ndugu zangu.

Nilisema kitu, hata sikumbuki nini. Yule mama hakunibana zaidi. Aliandika kwenye karatasi yake, akaniangalia, akaniambia, "Pole sana kwa msiba wako." Nami nikasema ahsante. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko uongo wenyewe. Nilipokea rambirambi ya mtu aliye hai, nikaiweka mfukoni nikaondoka nayo.

Sikupata nafasi. Sitasema ni kwa sababu ya uongo huo. Waombaji walikuwa wengi na pointi zangu hazikuwa za kumshtua mtu. Siyajui ya ghaibu. Ila najua kwamba ningepata, ningekuwa nimeingia kwenye elimu ya kutibu watu kwa mlango wa damu ya uongo, na kila mgonjwa ambaye angekufa mkononi mwangu angenikumbusha yule niliyemfisha kwa maneno.

Tena jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba sikuwa na haja ya kutunga. Mtoto wa Tororo anakosaje la kusema kuhusu maradhi? Watafiti waliopima mbu huko Nagongera, kabla ya unyunyizaji kuanza mwishoni mwa 2014, walikuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku! Halafu wakaja wanyunyizaji na mabomba mgongoni, tukawa tunatoa vitanda, masufuria na magunia ya mtama nje uani, wazee wengine wakikataa, wakisema dawa inaleta kunguni. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Ningeweza kumweleza yule daktari jinsi mzee mmoja jirani alivyokubali mwaka wa pili baada ya kuona watoto wetu hawaugui kama wa kwake. Hiyo ndiyo habari aliyokuwa akinifungulia mlango niiseme, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimembeba maiti asiyekuwepo.

Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemfananisha mtu anayejionyesha kuwa na kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Nguo mbili! Wanazuoni wameeleza sababu kwa namna nyingi. Mimi naona moja ni ile unayowavalia watu, na ya pili ni ile unayojivalia mwenyewe mpaka unaanza kuamini kuwa ni ya kwako. Wallahi, siku ya mahojiano yale, machozi yangu hayakuwa ya kuigiza. Nililia kweli.

Turudi kwa Yusuf, kwa sababu naye alikaa mbele ya jopo lake. Surat hiyo hiyo, aya ya 50 na kuendelea. Mfalme wa Misri amesikia tafsiri ya ndoto yake na anamtaka Yusuf atolewe gerezani aletwe. Mimi na wewe tungetoka mbio hata bila viatu. Yusuf akamrudisha mjumbe: kwanza mfalme aulize habari za wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kumbukumbu zake zisafishwe kabla hajaketi mbele ya mkubwa. Zikasafishwa. Ndipo akaja, na mfalme alipozungumza naye na kumwona ni mtu wa kuaminiwa, Yusuf, katika aya ya 55, akaomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili tu, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua.

Uaminifu na elimu. Basi. Sasa angalieni kile ambacho hakimo. Huyu ni mtu aliyetupwa kisimani na ndugu zake, akauzwa kwa dirhamu chache, akasingiziwa, akafungwa miaka. Kama kuna binadamu mwenye kisa cha kuliza jopo, ni huyu. Na Qur'ani haituambii kwamba alimsimulia mfalme habari za kisima. Alichosema kilihusu kazi na njaa inayokuja. Sisemi ni haramu kutaja msiba wako kama umekupata kweli na ndio uliokusukuma. Wako kati yetu waliozika wazazi kwa maradhi yanayotibika, na wakilisema hilo wanasema haki. Nasema tu kwamba msiba si sifa. Yusuf alikuwa nao wa kweli, na aliuacha kisimani.

Mtu atauliza: je, si tumekatazwa kuomba vyeo? Ndiyo, Mtume (s.a.w.) alimwusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi. Lakini wanazuoni wengi wameichukua kauli ya Yusuf kuwa dalili kwamba mwenye uwezo anaweza kujieleza pale watu wanapomhitaji, maadamu anasema kweli. Kwa hiyo ondoeni ile haya isiyo na mahali pake. Dada mmoja aliniambia alipoulizwa anajua nini alijibu "sijui chochote, ni Allah tu," akidhani huo ndio unyenyekevu. Dada yangu, ulikuwa na alama ya juu katika kemia. Ungeisema, kisha ukamshukuru aliyekupa.

Na wala msidhani mahojiano ya waganga ni jambo lililoletwa na Wazungu. Mwaka 319 wa Hijra, sawa na 931 Miladia, huko Baghdad mgonjwa mmoja alikufa kwa kosa la mganga. Khalifa al-Muqtadir akatoa amri kwamba asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit bin Qurra, mganga wake mkuu. Wanahistoria wa utabibu, Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybi'a, wameandika kwamba waliopita mbele ya Sinan katika pande mbili za jiji walifika mia nane sitini na kitu, bila kuhesabu wale mashuhuri waliosamehewa mtihani.

Katika hao akaja mzee mmoja, amevaa vizuri, ana haiba. Sinan akamheshimu, akamketisha, akawa anamgeukia kila mara kana kwamba anamtaka ushauri. Watu walipokwisha, akamwomba amfaidishe kwa kitu katika elimu yake na amtajie mwalimu wake. Mzee akatoa dinari kwenye mkono wa nguo yake, akaziweka mbele ya Sinan, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, hajasoma kitu kabisa, ila ana familia na riziki yake ni kazi hii; akamwomba asiikate. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti: asimshambulie mgonjwa kwa jambo asilolijua, asimpige mtu chuku wala asimpe dawa kali ya kuharisha, ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo desturi yake maisha yote, hajawahi kuvuka sharubati ya siki na asali na maji matamu ya waridi.

Kesho yake akaja kijana maridadi. Umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Baba yako nani? Yule mzee wa jana. Na wewe unafuata njia yake? Ndiyo. Basi usiivuke, nenda zako.

Tulipoisoma habari hii darasani watu walicheka, na inachekesha. Wako wanaosema Sinan alilegea. Inawezekana, na zile dinari zenyewe hazinipendezi. Lakini mimi naona alikuwa akipima hatari. Asiyejua akasema hajui, mganga mkuu aliweza kumwekea mpaka. Anayejifanya anajua, mpaka wake utauweka wapi? Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, amembebesha dhamana mtu anayetibu bila kujulikana kuwa na utabibu. Kwa hiyo neno "sijui" kwenye kinywa cha daktari linaokoa watu, na mazoezi yake yanaanza siku ya mahojiano. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema silijui, kisha sema ungelitafutaje. Vyuo vya siku hizi vinalitafuta hilo kwa makusudi. Chuo cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzisha utaratibu wa kumpitisha mwombaji kwenye vituo vingi vifupi badala ya jopo moja, kila kituo na mtu wake na mkasa wake: umemwona mwenzako akiiba mtihani, utafanyaje? Vyuo vingi duniani vimeiga. Hadithi moja ya msiba haiwezi kukutosha kwenye vituo vyote hivyo. Utafika kituo cha nne machozi yameisha.

Najua pingamizi lililo vinywani mwenu, kwa sababu liliulizwa usiku ule wa tochi. Kaka mmoja alisema: ustadhi, wenzetu wanadanganya na wanapata. Sisi tukisema kweli tutabaki nje, na umma wetu una uhaba wa madaktari, hasa madaktari wa kike. Je, hii si dharura?

Swali zuri na sitalidharau. Lakini mahali ambapo Mtume (s.a.w.) ameruhusu kusema lisilokuwa hivyo, kama ilivyopokewa na Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.), pametajwa na kuhesabiwa: vitani, kupatanisha watu, na maneno ya mume na mke. Kiti cha chuo hakimo. Dharura ni ile ya mtu anayekufa njaa, na mwenye pointi zisizotosha udaktari hafi njaa. Kuhusu umma, nakuuliza nawe: mama yangu na mama yako wakilala kitandani, umma unafaidika nini na daktari wa kike ambaye jambo la kwanza alilofanya katika taaluma yake ni kughushi? Rufaida al-Aslamiya (r.a.) alipigiwa hema msikitini Madina awatibu majeruhi, na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa kwenye vita vya Handaki alipelekwa kwake. Watu walimkabidhi majeruhi wao kwa sababu walikuwa wanamwamini.

Tena tukumbuke Ka'b bin Malik (r.a.). Hakuwa mtu wa kukosa maneno. Mwenyewe alisema kwamba amepewa ufasaha wa kujadili, na kwamba angekuwa mbele ya mtu mwingine wa dunia hii angetoka na udhuru. Watu themanini na kitu waliobaki nyuma ya safari ya Tabuk walikuja kwa Mtume na nyudhuru zao, zikapokewa kwa dhahiri yake. Ka'b akasema kweli: hakuwa na udhuru. Na kweli ile haikumletea zawadi siku hiyo. Ilimletea siku hamsini za kususiwa, hata salamu hajibiwi, mpaka ikateremka toba yake na ya wenzake wawili katika Surat Tawba. Usimwahidi mdogo wako kwamba akisema kweli atapata nafasi. Ka'b hakuahidiwa.

Niguse kidogo barua za mapendekezo, kwa sababu hapo tunakosea tukiwa nje ya chumba cha mahojiano. Mwombaji anakuja kwa imamu au kwa kiongozi wa chama cha wanafunzi, anataka barua kwamba amejitolea miaka miwili kuhudumia wagonjwa. Tumemwona mara moja, siku ya futari ya pamoja. Tunaandika, tunagonga muhuri. Ndugu zangu, huo ni ushahidi. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa wima, akalirudia na kulirudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Andika ulichokiona. Mstari mmoja wa kweli unatosha.

Mengine ni ya kawaida na mnayajua. Vyeti viwekwe tayari usiku. Swali istikhara kabla, na umwombe Allah alichoomba Musa (a.s.) katika Surat Taha, kifua kikunjuke na fundo la ulimi lifunguke, na kama Musa hakuona aibu kusema kwamba Harun ni fasaha kuliko yeye, nawe usione aibu kigugumizi chako. Soma kuhusu afya ya kwenu, siyo ya vitabuni tu. Kituo chenu cha afya kiko umbali gani, watu wanaugua nini, kwa nini wanavuka mpaka kwenda kutibiwa. Dada akiulizwa kama atamhudumia mgonjwa mwanamume, ajibu alichokwisha kuuliza na kukielewa katika fiqhi ya tiba, si kubahatisha palepale.

Sasa nimalizie deni langu. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kumwambia nyanya. Nilikuwa nimeshaanza kusoma elimu ya dini, na kila tulipofika kwenye milango ya toba, kile kipengele cha haki za watu kilinikaba. Likizo moja nikamwambia, tukiwa tumekaa mkekani uani, nikichambua karanga naye. Nikamwambia kila kitu, bodaboda na usiku na malaria.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na mazishi yangu yalikuwaje? Watu walikuja wengi?"

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Mimi sikucheka. Nikamwomba radhi, akanipa. Halafu akasema, "Lakini wewe, kwa nini hukuwaambia ile ya bahasha?"

Nilikuwa nimeisahau. Nilipokuwa darasa la tano, la sita, wazee wa pale kwetu wakitoka kituo cha afya walikuja kwa nyanya na bahasha zao ndogo za dawa, zimeandikwa 1×3, 2×2, na hawajui maana yake. Jirani mmoja alikuwa amemeza vidonge vitatu kwa mpigo kwa sababu ya ile tatu. Tangu hapo nyanya aliniketisha mkekani jioni nikawa nawasomea. Hiki asubuhi, hiki mchana, hiki usiku. Nilikuwa nachora jua na mwezi juu ya bahasha kwa makaa. Udaktari niliutaka tangu pale, kwenye mkeka ule. Nilikuwa na kanzu yangu halisi, nami nikaenda kuazima yenye damu.

Mwezi uliopita binti wa ami yangu alinipigia simu. Ameitwa mahojiano. Akaniambia, "Kaka, wewe unajua kuandika, nitungie kitu cha kugusa." Nikamwambia aje Molo Jumamosi, na nikampeleka kwa nyanya. Nyanya akakaa kwenye kiti, sisi mkekani, akasema leo yeye ndiye jopo. Akamwuliza kwa nini anataka udaktari.

Binti akaniangalia. Nikaangalia karanga.

Akasema anapenda baiolojia tangu walipopasua chura shuleni. Akasita. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pia anataka kazi yenye mshahara wa kueleweka, kwa sababu baba yake hana nguvu tena na wadogo zake watatu bado wanasoma.

Nyanya akasema, "Hilo nalo si kosa. Kaa vizuri, useme tena, usinong'one."

Wabillahi tawfiq.